Kadi tatu mfukoni, na ukuta wa Mama jirani

Mwaka ule nilimaliza masomo, nilikuwa na kadi tatu mfukoni, na kazi sikuwa nayo hata moja. Kadi ya kwanza ilikuwa ya chama cha wahandisi wa mkoa. Ya pili ilikuwa ya chama cha wale waliosoma ujenzi. Ya tatu ilikuwa ya vijana wahandisi; rafiki yangu wa promosio njo alinisukuma kuingia, juu alikuwa mtunza pesa wa komite na alihitaji majina. Kila kadi ilidai dola zake kwa mwaka. Kila chama kilikuwa na prezida wake, kashe yake na mkutano wake wa Jumamosi. Jumamosi moja mikutano miwili iliangukia saa moja, katika kumbi mbili za jirani. Nikaona sura zile zile zinatoka huku zinaingia kule.

Kwa hiyo wito ule unaozunguka siku hizi kati ya vijana wahandisi wa hapa kwetu, ule wa kusema "Tuungane, tuwe na chama kimoja tu", uliponifikia, roho yangu ilisema ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa ukurasa. Nani anapenda kulipa mara tatu? Lakini niliusoma tena, halafu mara ya tatu na kalamu mkononi, na hapo njo wasiwasi ulianza. Wito una maneno mazuri na nia yake ni safi. Walioandika ni watu wa rika letu, wamechoka kama sisi. Shida ni kwamba unaahidi kuponya magonjwa matatu kwa dawa moja, na dawa hiyo kwa kweli ni ya ugonjwa wa nne, ambao wito haukuutaja hata kwa mstari mmoja.

Magonjwa matatu ya wito ni haya. La kwanza ni mfuko: chama kimoja, mchango mmoja. La pili ni sauti: tukiwa wengi chini ya jina moja, wakubwa wa serikali na makampuni ya migodi watatusikiliza. La tatu ni fujo: leo kila mtu anajiita injenieri, raia hajui nani ni wa kweli, na chama kimoja kitaleta utaratibu.

Nitaanza na la tatu, juu hilo limenigusa mlangoni kwangu.

Karatasi ya Mama

Sisi tunaoishi Bukavu tunajua mlima ni nini. Nyumba iko juu ya nyumba, na kati ya nyumba na nyumba kuna ukuta unaozuia udongo. Ukuta ukiwa mzuri, hakuna anayeukumbuka. Mvua moja ya mwezi wa nne, ukuta wa mama mmoja jirani yangu ulianguka usiku na kuchukua jiko lake. Asante Mungu hakuna aliyekuwa jikoni saa ile. Asubuhi alinikuta nikiwa bado na usingizi, akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mchoro wa ukuta, una saini na kashe ya chama cha wahandisi.

"Mwanangu," akasema, "weye njo ulisomaka mambo ya manyumba. Huyu mutu njo alisinya. Mimi nilimulipa. Sasa nitamukuta wapi?"

Niliichukua karatasi nikazunguka nayo. Chama cha kwanza walifungua daftari lao: "Jina yake haiko ku liste yetu, ndugu." Chama cha pili walilipata jina: "Eko ku liste, lakini hajalipa miaka mbili, kwa hiyo si wetu tena." Chama cha tatu waliangalia kashe, wakaangaliana, wakasema inafanana na yao, lakini ile ya zamani, kabla komite haijabadilika. Nilirudi kwa Mama jioni na karatasi ile ile.

Wenye wito wakisikia habari hii watasema: unaona? Vingekuwa chama kimoja, Mama angepata jibu. Mimi pia nilifikiri hivyo wiki nzima. Halafu nikajiuliza: chama kimoja kingejibu nini? Kingefungua daftari moja kubwa na kusema: hajalipa miaka miwili, si wetu. Jibu lingekuwa lile lile, tofauti ni kwamba Mama angelipata kwa haraka.

Hapo njo kuna kosa kubwa la wito. Daftari la chama ni orodha ya wanaolipa. Linakuambia nani ametoa dola zake mwaka huu. Halikuambii nani anajua kuhesabu uzito wa udongo uliolowa, nani ameruhusiwa kusinya mchoro wa ukuta wa mita nne, wala nani atajibu siku ukuta utaanguka. Daftari la aina hiyo ya pili ni kitu kingine kabisa. Linatoka katika sheria, liko wazi kwa raia, na linaweza kumfuta mtu kwa kosa hata kama mchango wake ameulipa wote.

Majirani zetu walitenganisha vitu hivi viwili. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ni chombo cha sheria, na pembeni yake kuna Taasisi ya Wahandisi, ambayo ni nyumba ya wanachama wenyewe. Kenya ni vile vile: kuna Bodi ya Wahandisi chini ya sheria ya 2011, na kuna chama cha wahandisi chenye mikutano yake na uchaguzi wake. Marekani, jimbo la Wyoming lilianza kutoa ruhusa ya kazi kwa wahandisi tangu 1907, na mpaka leo ruhusa hiyo inatolewa na bodi za majimbo. Chama kikubwa kuliko vyote cha wahandisi wa umeme hakimpi mtu ruhusa ya kusinya hata mchoro mmoja. Na sisi wenyewe wazo hili si geni kwetu: waganga wako na ordre yao, maavoka wako na baro yao, na hakuna anayechanganya ordre na kikundi cha waganga wanaosaidiana wakati wa kilio.

Kwa hiyo ugonjwa wa fujo, kuungana hakuuponyi. Vyama kumi vinaweza kuishi vizuri chini ya daftari moja la sheria. Na chama kimoja bila daftari hilo kitamwacha Mama palepale nilipomwacha mimi.

Waliotangulia njia hii

Sasa mfuko na sauti. Hapa inafaa tuangalie walioungana kweli, tuone walipata nini na walikosa nini.

Mwaka 1884, huko New York, ilizaliwa American Institute of Electrical Engineers, AIEE. Ilikuwa nyumba ya watu wa telegrafu, taa na mashine kubwa za umeme. Thomas Edison na Alexander Graham Bell walikuwa kati ya makamu wa kwanza wa prezida wake. Mwaka 1912 watu wa redio, wengi wao vijana, walianzisha chama chao, Institute of Radio Engineers, IRE, kwa kuunganisha vikundi viwili vidogo. Makusudi hawakuweka neno "American" katika jina, juu walitaka chama kisicho na mpaka.

Miaka ya kwanza kila mmoja alikuwa na shamba lake. Wazee walikuwa na waya, vijana walikuwa na hewa. Lakini baada ya Vita ya Pili ya Dunia elektroniki iliingia kila mahali: rada, televisheni, kompyuta. Mashamba yakaingiliana. AIEE ilikuwa na komite ya mashine kubwa za kuhesabu, IRE ilikuwa na kundi lake la kompyuta, na watu walewale walikuwa wanazunguka kati ya mikutano hiyo, kama sisi Jumamosi ile. Mwisho wa miaka ya 1950 chama cha vijana kilikuwa kimepita cha wazee kwa idadi ya wanachama. Tarehe 1 Januari 1963 vyote viwili vikawa kimoja: IEEE, chenye wanachama karibu 150,000.

Wenye wito wanautaja mfano huu kwa sentensi moja na kupita. Mimi nataka tukae hapo kidogo, juu ndani yake kuna mambo ambayo yangewafaa.

Jambo la kwanza: wanafunzi njo walitangulia. Miaka zaidi ya kumi kabla ya 1963, katika vyuo vikuu vingi vya Marekani matawi ya wanafunzi ya AIEE na IRE yalikuwa tayari yanafanya kazi pamoja, tawi moja la vyama viwili. Mwanafunzi wa umeme hakuwa na haja ya kuchagua kati ya baba na mjomba. Wakubwa walipokuja kusinya karatasi, walikuwa wanasinya jambo ambalo wadogo walishalizoea.

Jambo la pili: hawakuvunja vyumba vya ndani. Tangu 1948 IRE ilikuwa imejigawa katika makundi ya fani, kila kundi na viongozi wake na jarida lake. Kwenye muungano makundi hayo hayakuyeyushwa. Yalibaki, yakakua, na leo IEEE ina vyama vya ndani zaidi ya 35. Mtu wa mitambo ya umeme na mtu wa kompyuta wako chini ya paa moja, lakini kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake.

Jambo la tatu, na hili njo linahusu mfuko: vyumba hivyo vinalipiwa. Mwanachama wa IEEE analipa mchango wa chama kikubwa, halafu akitaka kuingia chama cha fani yake, anaongeza pesa nyingine. Kwa hiyo aliyekuwa na mapenzi ya vyumba vitatu bado analipa vitatu. Muungano ulipunguza gharama za biro na uchapishaji wa mara mbili, hilo sikatai. Lakini ahadi ya "mchango mmoja basi" haikutimia hata kwa matajiri. Wito wetu unaahidi kitu hicho bila kuandika hata hesabu moja. Nani atalipa nyumba ya biro? Nani atalipa deni la chama cha pili, ambalo sote tunajua lipo? Chama kimoja kikirithi madeni matatu, mchango utapanda, na wa kwanza kuondoka atakuwa yule kijana asiye na kazi tuliyesema tunamsaidia.

Jambo la nne ni sauti. Hapa historia inasema wazi zaidi kuliko mimi. Mwanzo wa miaka ya 1970 wahandisi wengi wa Marekani walipoteza kazi, pesa za safari za anga na za silaha zilipopunguzwa. IEEE ilikuwa kubwa, ina jina, ina maktaba. Lakini ilikuwa imejengwa kama chama cha elimu, na katiba yake haikuwapa wanachama njia ya kushughulikia mambo ya kazi na mishahara. Ikabidi 1972 wanachama wapige kura kubadili katiba ndipo mlango huo ufunguke. Miaka tisa baada ya kuungana! Wingi walikuwa nao wakati wote. Kilichokosekana ilikuwa ruhusa na kusudi. Chama kinasema lile ambalo katiba yake inakituma kusema, hata kama kina watu 150,000. Sasa rudini kwenye wito, mutafute mahali unaposema chama kipya kitafanya nini injenieri akifukuzwa shantie bila malipo. Mimi nimetafuta. Hakuna.

Kuingiliana si dhambi

Kuna neno moja katika wito ambalo limenichoma: wanaita vyama vinavyoingiliana "upotevu". Wakati mwingine ni kweli. Vyama viwili vinavyofanya mkutano mmoja kwa maandazi mawili, huo ni upotevu. Lakini si kila kuingiliana ni ugonjwa.

Angalieni watu wa kompyuta. Kuna ACM, iliyozaliwa 1947, na kuna chama cha kompyuta ndani ya IEEE. Wanaingiliana karibu kila mahali, na watu wengi wana kadi zote mbili. Hawakuungana. Lakini mwaka 1999 walikubali pamoja kanuni moja ya maadili ya wahandisi wa programu, na mwaka 2001, tena 2013, walitoa pamoja mwongozo wa masomo ya kompyuta ambao vyuo vikuu vingi duniani vimeufuata. Ninyi mulisoma informatika, kuna kurasa za mwongozo huo ndani ya kozi zenu hata kama prof hakuwaambia. Vyama viwili, kanuni moja, mwongozo mmoja.

Hilo linatufundisha kutofautisha. Mambo ambayo raia anayategemea, kama daftari, kanuni na kiwango cha masomo, lazima yawe mamoja. Mambo ambayo sisi wenyewe tunajifunzia, kama mihadhara, majarida na urafiki wa fani, yanaweza kuwa mengi, na wingi wake mara nyingi ni afya. Chama kikilala, kingine kinakiamsha. IRE isingezaliwa, redio ingesubiri mpaka wazee wa waya wapate hamu.

Ugonjwa wa nne

Basi kuungana kunafaa nini? Kama hakuponyi mfuko, wala sauti, wala fujo, tuache? Hapana. Kuna ugonjwa mmoja ambao dawa yake ni hii hasa, na sisi tunao mwilini.

Munajua vizuri hapa kwetu neno "injenieri" lina ngazi mbili. Kuna injenieri sivili, aliyesoma miaka mitano politekniki. Na hilo neno "sivili" kwetu halimaanishi mtu wa madaraja tu, kuna sivili wa migodi na sivili wa umeme. Halafu kuna injenieri teknisie, aliyesoma miaka mitatu, yule tunayemwita A1. Ngazi hizo tulizirithi kutoka Ubelgiji pamoja na kuta zake. Sasa LMD imeingia, na "lisansi" ambayo jana ilikuwa miaka mitano leo ni miaka mitatu, kwa hiyo hata majina ya ngazi yenyewe yamechanganyikana.

Mimi nimesimama kwenye ngazi zote mbili. Nilimaliza miaka mitatu kwanza, nikafanya kazi kwenye shantie, halafu nikarudi shuleni kumaliza. Nilipokuwa A1, chama kimoja kati ya vile vitatu kilinikubali kwa mchango, lakini siku ya uchaguzi niliambiwa nikae nyuma na wageni. Mwaka niliopata diplome ya pili, nilipewa karatasi ya kura. Pesa yangu ilikuwa nzuri siku zote mbili. Na kwenye shantie, yule aliyenifundisha kutambua betoni iliyozidishiwa maji kwa kuiangalia tu alikuwa A1 mwenye umri wa baba yangu. Huyo mzee hajawahi kupiga kura katika chama chochote.

Ugonjwa huo, muungano unaweza kuuponya, na kuna waliofanya hivyo. Uingereza, chama cha wahandisi wa umeme, IEE, chenye mizizi tangu 1871, kiliungana mwaka 2006 na IIE, chama cha wahandisi wa ngazi ambayo huko ilihesabiwa chini yao, pamoja na mafundi sanifu. Wakawa IET. Unaweza kufikiria maneno ya wazee: tutashusha hadhi, tutachanganya chumvi na sukari. Lakini ngazi hazikuguswa. Ngazi tatu za wahandisi na mafundi sanifu Uingereza ziko katika daftari linaloshikwa na Engineering Council, nje ya chama. Walichanganya nyumba, hawakuchanganya vyeo. Kwa sababu daftari lilikuwa salama mahali pengine, watu waliweza kukaa meza moja bila kuogopa kunyang'anywa kitu.

Na huko Ubelgiji kwenyewe, ambako ukuta wetu ulitoka, upande wa Flanders walikuwa na KVIV ya wahandisi sivili na VIK ya wahandisi wa ngazi ya pili, wale ambao zamani walikuwa wanaitwa teknisie kama sisi. Mwaka 2014 wakawa chama kimoja, ie-net. Mwenye nyumba amebomoa ukuta, sisi wapangaji bado tunaupaka rangi.

Hapa njo ningetaka wito uwe na ujasiri. Unazungumza juu ya mfuko na sauti, mambo yasiyomkasirisha mtu. Hausemi A1 atapiga kura au hapana. Nimeutafuta mstari huo mara tatu. Kama chama kipya kitakuwa vyama vitatu vya zamani chini ya bango moja, na yule mzee wa betoni bado amekaa nyuma na wageni, basi tumebadilisha bango tu.

Kabla ya kusinya

Najua hatari nyingine, na ninyi munaijua. Hapa kwetu vyama viwili vikiungana, mara nyingi vinazaa vitatu: kile kipya, na viwili vya wale walioshindwa uchaguzi na kuondoka na kashe. Umoja ni nguvu, ndiyo, lakini umoja wa haraka unaacha makashe mengi mitaani, na kashe moja ya namna hiyo niliiona kwenye karatasi ya Mama.

Kwa hiyo nawaomba wenye wito wageuze mpangilio wao. Waanze na daftari: waende kudai, vyama vyote vitatu pamoja na bila kusubiri kuungana, daftari moja la wazi ambalo raia yeyote anaweza kulisoma, lenye jina la mhandisi, alichosomea, kazi gani anaweza kusinya, na mahali pa kupeleka malalamiko. Jina likifutwa, sababu iandikwe. Hilo linaweza kudaiwa kesho, na halimnyimi prezida yeyote kiti chake.

Kisha wawaachie wanafunzi na vijana watangulie, kama ilivyokuwa kwa AIEE na IRE: mwaka mzima wa mihadhara ya pamoja, matembezi ya pamoja kwenye mashantie na migodi, kadi moja ya mwanafunzi inayokubaliwa na vyama vyote. Mwaka ukipita bila ugomvi, watu watakuwa wanajuana.

Halafu njo waje kwenye muungano, na katiba iliyoandika mambo matatu bila kuzunguka: kila fani inabaki na chumba chake na viongozi wake, kila mwenye diplome ya uhandisi, A1 au sivili, anapiga kura, na chama kina kazi ya kumtetea mwanachama kazini, si mihadhara peke yake. Madeni yote yasomwe mbele ya watu kabla ya kura. Kashe zote za zamani zikusanywe na kuvunjwa siku ileile, mbele ya watu walewale.

Bila hayo, mimi nitapiga kura ya hapana, hata kama nitaitwa adui wa umoja. Na wale munaomaliza mwaka huu, munaoombwa kusinya wito huu kwenye simu kati ya ujumbe na ujumbe, usomeni mara tatu. Ulizeni jina lenu litakaa wapi, na kura yenu itakaa wapi.

Mama alijenga tena ukuta wake kwa mifuko iliyojazwa mchanga, vijana wa kartie walimsaidia. Mvua ikinyesha usiku, anaamka anaenda kuuangalia na tochi. Karatasi yake mimi ningali nayo, pamoja na kadi zangu tatu. Siku chama hicho kimoja kitafanya mkutano wake wa kwanza, nitaingia nayo, nitasubiri hotuba ziishe, halafu nitanyoosha mkono niulize lile swali alilouliza Mama: huyu mutu njo alisinya, sasa tutamukuta wapi?